Okot p'Bitek, Mtu wa Masomo Mengi

Wazee walisema kwamba mshika mbili moja humponyoka. Methali hii husikika sana shuleni wakati wa kuchagua masomo. Mwenye kushika hesabu na fizikia huambiwa aache kwaya. Mwenye kushika historia huambiwa hana haja ya kujua habari za mimea. Methali hii ina kweli yake, lakini haimfai kila mtu wala kila jambo. Kwa hiyo, ndugu wasomaji, nataka kuwasimulia maisha ya jirani yetu mmoja. Kutoka kwetu Logiri, ukipita Arua na kuvuka daraja la Pakwach, utafika katika nchi ya Waacholi, na huko ndiko alikotoka Okot p'Bitek.

Okot alizaliwa Gulu mwaka wa 1931. Baba yake alikuwa mwalimu wa shule. Mama yake, Lacwaa Cerina, alikuwa mwimbaji na mtunzi wa nyimbo aliyesifiwa sana kwao. Basi mtoto huyu alikuwa na shule mbili katika nyumba moja: ya vitabu kwa baba, na ya nyimbo kwa mama. Alisoma Gulu, kisha akaenda King's College Budo, na baadaye akajifunza ualimu Mbarara. Mwaka wa 1953, akiwa bado kijana mdogo, alitoa kitabu chake cha kwanza, Lak Tar, kwa lugha ya Kiacholi. Ni hadithi ya kijana maskini anayekwenda Kampala kutafuta fedha za mahari.

Alipokuwa mwalimu karibu na Gulu aliongoza kwaya, na pia alikuwa hodari wa kandanda hata akachaguliwa katika timu ya Uganda. Mwaka wa 1956 timu hiyo ilikwenda Uingereza kucheza. Michezo ilipokwisha wenzake walirudi nyumbani, lakini Okot alibaki ili asome. Mpira, ambao watu wengi huuona kuwa ni wa kupoteza wakati tu, ndio uliomfungulia mlango wa chuo kikuu.

Kwanza alisoma elimu ya ualimu katika chuo cha Bristol. Hayo yalikuwa ya kazi yake, wala hakuna aliyeshangaa. Kisha akaenda Aberystwyth, katika nchi ya Wales, akasoma sheria na kupata shahada. Wako waliodhani kwamba sasa atakuwa wakili. Lakini hakuvaa joho la mahakama. Alikwenda Oxford kusoma anthropolojia, yaani elimu ya desturi za watu. Huko alichukizwa kusikia waalimu wakiwataja Waafrika kwa majina ya dharau, naye hakunyamaza. Mwaka wa 1963 alipata shahada ya B.Litt. kwa uchunguzi wake juu ya fasihi ya masimulizi na nyimbo za Waacholi na Walango. Alikuwa amezunguka Ulaya miaka saba, na mwisho wake akarudi kwenye nyimbo za mama yake.

Je, masomo hayo yalimponyoka? Tazameni kitabu chake kilicholeta sifa, Song of Lawino, kilichotolewa Nairobi mwaka wa 1966. Ndani yake mke anamlalamikia mume wake, Ocol, ambaye amesoma na sasa anadharau chakula, ngoma na watu wa kwao. Mwendo wa maneno ni wa nyimbo za Kiacholi, urithi wa mama. Habari za mavazi, mapishi, mazishi na dawa zimepangwa kwa uangalifu wa mtu aliyesoma desturi. Na Lawino anavyotoa mashtaka yake moja baada ya jingine, mimi nasikia sauti ya mtu aliyesoma sheria. Ocol naye ni mfano wa msomi aliyejifunza mambo ya namna moja tu, akafunga milango mingine yote.

Okot hakukaa na vitabu peke yake. Alianzisha tamasha la sanaa Gulu, na mwaka wa 1968 jingine Kisumu. Aliongoza Kituo cha Utamaduni cha Uganda, Kampala, lakini akaondolewa baada ya kuisema serikali alipokuwa Zambia. Ikambidi aishi ugenini, na miaka mingi akafundisha katika Chuo Kikuu cha Nairobi.

Sitaki kuwaficha kwamba njia yake ilikuwa na gharama. Mwaka wa 1970 Oxford walimnyima shahada ya udaktari aliyoitafuta kwa uchunguzi wake juu ya dini za Waluo wa kati. Hakuutupa uchunguzi ule. Mwaka wa 1971 ulitoka kama kitabu, na wanafunzi wa vyuo wameusoma hata bila ya cheo kile. Alirudi Makerere kufundisha utunzi, na hakukawia akafariki, mwezi wa Julai 1982, akiwa na umri wa miaka 51.

Wanafunzi wenzangu, tusimwelewe vibaya. Okot hakurukaruka kama panzi. Ualimu alimaliza, sheria alimaliza, na uchunguzi wa nyimbo alimaliza. Aliyeshika mbili zikamponyoka ni yule aliyezishika kwa ncha za vidole.

Basi wewe wa sayansi, ingia katika kwaya, au jifunze adungu kwa jirani yako Mwaluri. Waulize wazee wa Logiri majina ya miti ya dawa kabla hawajatuacha. Wewe wa lugha, usikimbie hesabu. Nanyi mliomaliza shule zamani, mkija kututembelea msituambie habari za vyeo vyenu tu. Tuambieni pia lile somo mlilolidharau, na siku mlipolihitaji. Enyau ni mto mdogo na Ora ni mto mdogo, lakini Nile haikatai maji ya wowote, nayo hufika mbali.