HAROUN TAZIEFF, MTU ALIYESHUKA KWENYE ZIWA LA MOTO



Katika somo la jiografia tunaandika majina ya volkano zetu, Nyiragongo na Nyamulagira, ndani ya kaye. Tunayakariri juu ya mtihani, kisha tunayasahau. Leo tunawaletea maisha ya mtu mmoja ambaye hakutosheka na kaye. Yeye alitaka kwenda kuona.

Haroun Tazieff alizaliwa Warsaw, tarehe 11 Mei 1914. Baba yake, aliyekuwa daktari, alikufa katika vita kuu ya kwanza, na mtoto akakulia Ubelgiji pamoja na mama yake. Alisoma kwanza ukulima kule Gembloux, kisha jiolojia kule Liège. Tena alikuwa mpiga ngumi hodari. Wale wanaosema kwamba mwenye akili hawezi michezo, wasikie hapo!

Vita ya pili ilipokwisha alikuja Kongo, akafanya kazi katika migodi ya bati huko Katanga, jimbo ambalo mji wetu, ukiitwa bado Albertville, ulikuwa ndani yake. Mwaka 1948 ardhi ilipasuka kando ya Nyamulagira, kule Kivu, na volkano ndogo ya Kituro ikazaliwa. Tazieff akatumwa kuitazama. Alikwenda kama mtu wa mawe ya migodi, akarudi mtu wa volkano. Mwaka ule ule alipanda Nyiragongo, na ndani ya shimo lake akaona ziwa la lava likichemka mchana na usiku. Mwaka 1959 alirudi huko na wenzake, wakashuka ndani ya lile shimo karibu na ziwa lenyewe.

Sababu gani kujitia hatarini hivi? Tazieff aliamini kwamba gesi ndiyo nguvu ya volkano. Inasukuma lava juu, sawa vile limonade inavyoruka chupa ikitikiswa. Basi, gesi hiyo inafaa kuchukuliwa pale pale inapotoka, kabla haijachanganyika na hewa. Kwa kazi ya namna hii, kubaki katika biro hakutoshi.

Alifundisha jiolojia kwenye Chuo Kikuu Huru cha Bruxelles, baadaye akaongoza utafiti wa volkano kule Ufaransa. Alipeleka wataalamu mpaka Erta Ale, Ethiopia, ambako pia kuna ziwa la lava. Alitengeneza filamu na kuandika vitabu, hata watu wasiokanyaga chuo kikuu wakajifunza kwake.

Mwaka 1976 alijaribiwa kweli. Mlima Soufrière, kwenye kisiwa cha Guadeloupe, ulianza kutoa mvuke na majivu. Wakubwa waliogopa, wakahamisha watu zaidi ya 70,000. Tazieff alisema hakuna lava mpya inayopanda na watu hawana haja ya kukimbia. Tarehe 30 Agosti alikuwa juu ya mlima pamoja na wenzake, mlipuko ukawakuta, mawe yakawanyeshea kama mvua. Walipona kwa shida. Hata hivyo hakugeuza maneno yake. Aliondolewa kwenye kazi yake ya ukuu. Mlipuko mkubwa haukuja, na watu wakarudi nyumbani kwao.

Lakini tusiseme upesi kwamba aliyezoea volkano anajua yote. Tarehe 10 Januari 1977 Nyiragongo ilipasuka ubavuni. Ziwa lile lile alilolijua likamwagika lote kwa muda usiofika saa moja, lava ikakimbia kupita mtu, na watu wengi wakafa vijijini. Tazieff mwenyewe aliandika juu ya msiba huo. Mlima mmoja ulitisha ukatulia, mwingine uliua ghafula. Ndiyo maana kila mlima unataka watu wa kuuchunga kila siku. Kituo cha Goma cha kazi hiyo kilianzishwa mwaka 1986, na wataalamu wake ni Wakongomani. Hata hivyo mlima ulimwaga lava tena mwaka 2002 na mwaka 2021.

Tazieff alikuwa pia katika serikali ya Ufaransa, akishughulikia kinga ya misiba kama hiyo. Alikufa Paris tarehe 2 Februari 1998.

Sisi wa Kalemie tusifikiri kwamba mambo haya ni ya watu wa Goma tu. Wazazi wetu wanakumbuka tarehe 5 Desemba 2005, ziwa letu lilipotikisika kwa nguvu ya 6.8 na nyumba zikaanguka. Bonde lililopasuka chini ya Kivu ndilo linaloshika Tanganyika. Ardhi hii inataka wasomaji wake, na wengi wetu tunamaliza mwaka wa sita bila kujua tutasomea nini. Tazieff alitoka mbali kuja kuisoma. Sisi tumezaliwa juu yake. Nani kati yetu atakwenda?