Jan Swammerdam na Mfalme wa Nyuki

Babu yangu hufuga nyuki, na mpaka leo yule mkubwa wa mzingani humwita mfalme. Likizo iliyopita nilimwambia kuwa yule ni jike. Alicheka, akaniuliza nimejuaje. Sikuwa na jibu ila kwamba nilifundishwa darasani. Niliona haya, ndipo nikatafuta habari za mtu aliyejua kwa macho yake mwenyewe.

Jan Swammerdam alizaliwa Amsterdam, Uholanzi, mwaka 1637. Baba yake alikuwa muuza dawa. Alisoma udaktari Leiden, akahitimu mwaka 1667, lakini badala ya kutibu wagonjwa alishughulika na wadudu. Baba yake alikasirika, akataka kumnyima fedha. Hata hivyo hakuacha.

Zamani hizo watu wengi waliamini kuwa mzinga hutawaliwa na mfalme. Swammerdam alimpasua mfalme huyo kwa mikasi midogo mno, ambayo aliinoa huku akiitazama kwa hadubini. Tumboni aliona ovari mbili. Kila moja ni fungu la mirija mingi, myembamba kama nyuzi, na katika kila mrija mayai yamepangana kama shanga: kwenye ncha ni machanga, na kadiri yanavyoshuka ndivyo yanavyokua, mpaka yawe tayari kutagwa. Basi huyo si mfalme, ni mama wa mzinga!

Kazi hiyo ilimchosha sana. Kwa kuwa alihitaji mwanga mwingi, alikaa juani kichwa wazi tangu saa 12 asubuhi mpaka saa 6 mchana, na usiku aliandika aliyoyaona. Homa zilimdhoofisha, akafa mwaka 1680, umri wake miaka 43, na kitabu chake kikubwa hakijapigwa chapa. Daktari Boerhaave ndiye aliyekitoa mwaka 1737 na 1738.

Lakini alikosea jambo moja. Alidhani harufu ya madume yatosha kumtungisha malkia mayai, kumbe malkia hukutana nao angani. Pale alipotazama alipata kweli. Pale alipokisia alipotea.

Likizo ijayo sitabishana na babu. Akipatikana malkia aliyekufa karibuni, nitamwomba ruhusa nimpasue mbele yake, kisha tutazame pamoja kwa kioo cha kukuzia. Babu mwenyewe ndiye atakayeamua.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne