Bertha Benz, mwanamke aliye nyuma ya jina la Mercedes-Benz

Katika miji mingi ya dunia, gari lenye nyota ya ncha tatu huonwa kuwa alama ya mali na cheo. Marais hulipanda, wafanyabiashara hulitamani, na maharusi hulikodi kwa siku moja ili wapigwe picha. Lakini karakana ambamo hadithi ya gari hilo ilianzia iliokolewa na pesa za msichana wa miaka 22, na safari ndefu ya kwanza kabisa ya gari la injini iliongozwa na huyohuyo, wakati huo akiwa mama wa watoto wanne. Jina lake ni Bertha Benz. Alifariki nchini Ujerumani tarehe 5 mwezi wa tano mwaka 1944, siku mbili tu baada ya kutimiza miaka 95.

Binti wa seremala

Bertha Ringer alizaliwa tarehe 3 mwezi wa tano mwaka 1849 mjini Pforzheim, katika jimbo la Baden, kusini-magharibi mwa Ujerumani ya leo. Baba yake alikuwa seremala na mjenzi aliyefanikiwa, na nyumba yao haikukosa kitu. Ilikuwa nyumba ya watoto wengi, na inasimuliwa kwamba Bertha alipozaliwa, baba yake aliandika katika Biblia ya familia maneno ya kusikitika kwamba wamepata tena msichana. Siku moja Bertha aliyakuta maneno hayo na kuyasoma, na hakuyasahau.

Alikuwa mtoto mwenye hamu ya kujua namna vitu vinavyofanya kazi. Baba yake alimweleza habari za mashine, ikiwemo treni, ambayo wakati ule ilikuwa ndiyo ajabu ya usafiri. Alisoma kadiri msichana alivyoruhusiwa kusoma, lakini mlango wa chuo kikuu ulikuwa umefungwa kwake. Baden iliruhusu wanawake kuingia vyuo vikuu kwa haki sawa na wanaume mwaka 1900, Bertha akiwa tayari amepita miaka 50.

Mwaka 1869, katika matembezi ya kikundi kwenda Maulbronn, alikutana na kijana mhandisi aliyeitwa Karl Benz. Karl alikuwa mtoto wa dereva wa treni aliyekufa mapema, akimwacha mama peke yake kumlea na kumsomesha hadi shule ya ufundi ya Karlsruhe. Hakuwa na mali. Alikuwa na wazo moja tu ambalo wengi waliliona kama ndoto: kutengeneza gari linalokwenda lenyewe, bila farasi na bila reli.

Fungu la ndoa lakomboa karakana

Mwaka 1871 Karl alifungua karakana mjini Mannheim pamoja na mshirika aliyeitwa August Ritter. Ushirika huo ulikwenda vibaya mapema. Ritter hakuaminika, madeni yakaongezeka, na karakana ikawa karibu kufungwa.

Hapo ndipo Bertha alipoingia. Kwa desturi za Wajerumani wa wakati ule, upande wa mume haukutoa mahari kama kwetu. Wazazi wa binti ndio waliompa binti yao fungu la mali la kuanzia maisha ya ndoa. Bertha alimwomba baba yake ampe fungu hilo mapema, kabla ya harusi. Pesa hizo zikatumika kumlipa Ritter na kumtoa katika karakana. Karl akabaki mwenye kazi peke yake.

Walifunga ndoa tarehe 20 mwezi wa saba mwaka 1872. Siku hiyo hali ya Bertha mbele ya sheria ilibadilika. Akiwa hajaolewa, aliweza kuweka pesa zake katika kazi aliyoichagua. Baada ya kuolewa, sheria ya wakati ule iliweka mambo ya mali mikononi mwa mume. Mwanamke aliyeikomboa karakana hakuwa tena na sauti juu yake katika karatasi.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya taabu. Mwaka 1873 uchumi wa Ujerumani ulianguka, kazi za chuma na za ujenzi zikapungua, na madeni yakarudi. Mwaka 1877 vifaa vya karakana vilikamatwa kwa sababu ya madeni. Nyumbani kulikuwa na watoto wadogo: Eugen, aliyezaliwa mwaka 1873, Richard wa 1874, na Clara wa 1877. Thilde angefuata mwaka 1882 na Ellen mwaka 1890.

Karl aliamua kujaribu kutengeneza injini ya gesi ambayo angeweza kuiuza viwandani. Usiku wa mwisho wa mwaka 1879, Bertha alimhimiza warudi karakanani kujaribu tena injini iliyokuwa imekataa kuwaka. Usiku huo iliwaka. Injini hiyo ndiyo iliyoanza kuleta mkate nyumbani, na mwaka 1883 ikazaliwa kampuni mpya mjini Mannheim, Benz & Cie, pamoja na washirika Max Rose na Friedrich Wilhelm Esslinger. Hao walitaka injini za kuuza. Gari lisilo na farasi waliliacha liwe shughuli ya Karl ya pembeni.

Gari lisilo na mnunuzi

Tarehe 29 mwezi wa kwanza mwaka 1886, Karl Benz aliomba hati ya kulinda uvumbuzi wake. Hati hiyo, namba 37435, inahesabiwa na wengi kama cheti cha kuzaliwa cha gari. Chombo chenyewe kilikuwa na magurudumu matatu, injini ya silinda moja nyuma, isiyofikia nguvu ya farasi mmoja, na mwendo wa kilomita kama 16 kwa saa. Mwezi wa saba mwaka huohuo kilionyeshwa hadharani katika barabara za Mannheim.

Watu walitazama, wengine wakacheka, wengine wakaogopa. Hakuna aliyenunua. Farasi alikuwa anajulikana: anakula, anachoka, lakini anafika. Chombo hiki chenye kelele na moshi kilikuwa kimeonekana kikizunguka mjini tu, na mara nyingine kikisukumwa kurudi nyumbani. Karl mwenyewe alikuwa mtu wa kusitasita, kila mara akiona bado kuna kitu cha kurekebisha.

Bertha aliona tatizo kwa namna nyingine. Kwa maoni yake, gari lilikuwa tayari. Kilichokosekana ni watu kuliona likitoka mji mmoja na kufika mji mwingine.

Alfajiri ya mwezi wa nane 1888

Mwanzoni mwa mwezi wa nane mwaka 1888, wakati wa likizo za shule, Bertha aliondoka nyumbani alfajiri pamoja na wanawe Eugen, miaka 15, na Richard, aliyekaribia miaka 14. Walisukuma gari nje kimya na kuliwasha mbali kidogo ili Karl asiamke. Walikuwa wanakwenda Pforzheim kwa mama yake Bertha, umbali wa kilomita zaidi ya 100. Bertha alikuwa na miaka 39. Hakuwa ameomba ruhusa kwa mumewe wala kwa wakubwa wa serikali.

Barabara zilikuwa za mikokoteni. Hapakuwa na alama wala kituo cha mafuta popote duniani. Gari lilitumia ligroini, mafuta mepesi ambayo watu walinunua kwenye duka la dawa kwa ajili ya kuondoa madoa katika nguo, na lilibeba lita chache tu. Walipofika Wiesloch, baada ya Heidelberg, mafuta yalikuwa yamekaribia kwisha. Bertha akaingia katika duka la dawa la mji na kununua ligroini iliyokuwapo. Leo Wiesloch hujivunia duka hilo kama kituo cha kwanza cha mafuta duniani.

Maji yalikuwa shida kubwa zaidi. Injini ilipozwa kwa maji yaliyochemka na kuruka kama mvuke, hivyo walilazimika kusimama mara kwa mara kwenye visima na vijito kuyajaza. Njia ya mafuta ilipoziba, Bertha aliizibua kwa pini ndefu ya kofia yake. Waya wa umeme ulipochubuka na kuanza kugusa chuma, aliufunika kwa mkanda wa kushikilia soksi yake. Mnyororo uliponyooka, walimtafuta mhunzi, naye akaukaza. Kwenye milima gari lilishindwa, na mama na watoto wakashuka kulisukuma. Kwenye miteremko breki za mbao zilikwisha haraka, mpaka Bertha akamwomba fundi viatu azivike ngozi.

Walifika Pforzheim giza likiingia, wamejaa vumbi, na Bertha akampelekea mumewe simu ya maandishi kumjulisha. Siku chache baadaye walirudi Mannheim kwa gari hilohilo, wakipita njia nyingine. Kwenda na kurudi, walikuwa wametembea kilomita karibu 194.

Safari hiyo ilifanya kazi mbili. Kwanza, vijiji na miji ya njiani vilishuhudia gari la mama na watoto likipita, na habari zikaenea. Pili, Bertha alirudi na orodha ya kasoro ambazo hakuna aliyeweza kuzijua kwa kuzunguka mjini. Breki zilihitaji ngozi. Milima ilihitaji gia ya nguvu zaidi, na Karl akaiongeza. Kwa maneno ya leo, Bertha alifanya jaribio la barabarani ambalo kila kiwanda cha magari hulifanya kabla ya kuuza.

Kutoka Benz hadi Mercedes-Benz

Mwezi wa tisa mwaka huohuo gari la Benz lilipelekwa kwenye maonyesho ya mashine mjini Munich na kupata medali ya dhahabu. Wanunuzi walianza kuja, kwanza kutoka Ufaransa, ambako Émile Roger aliyauza magari hayo mjini Paris. Mwaka 1894 ilitoka Velo, gari dogo lililotengenezwa kwa wingi kuliko yaliyotangulia, zaidi ya 1,000. Kufikia mwaka 1899, Benz & Cie ilitengeneza magari 572 kwa mwaka mmoja na kuwa kati ya viwanda vikubwa kabisa vya magari duniani.

Lakini mshindani alikuwa karibu. Katika kampuni ya Daimler, mfanyabiashara Emil Jellinek alidai gari la chini, lenye nguvu na kasi, na akataka liitwe kwa jina la binti yake, Mercédès, aliyekuwa mtoto wa miaka 10. Gari hilo la mwaka 1901 liliwavutia matajiri wa Ulaya na kuyafanya magari ya Benz yaonekane ya kizee. Mwaka 1903 Karl aliacha uongozi wa kampuni baada ya kutoelewana na wenzake, na familia ikahamia mji mdogo wa Ladenburg, ambako alifungua kiwanda kingine pamoja na wanawe.

Vita ya kwanza ya dunia na mfumuko wa bei vilidhoofisha kampuni zote mbili. Mwezi wa sita mwaka 1926 ziliungana na kuwa Daimler-Benz. Magari yao yakaitwa Mercedes-Benz, na nembo ikaunganisha nyota ya Daimler na taji la majani la Benz. Hivyo chapa hii maarufu hubeba jina la mtoto wa mteja na jina la mume wa Bertha. Jina lake mwenyewe, Ringer, lililoingiza pesa za kwanza, halipo.

Heshima iliyokuja mwishoni

Karl hakuficha deni lake. Katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1925, alieleza kwamba katika siku ambazo chombo chao kilikaribia kuzama, mtu mmoja tu alibaki pamoja naye, na mtu huyo alikuwa mke wake. Karl alifariki Ladenburg mwezi wa nne mwaka 1929. Bertha aliishi miaka mingine 15.

Siku alipotimiza miaka 95, tarehe 3 mwezi wa tano mwaka 1944, shule kuu ya ufundi ya Karlsruhe, ileile aliyosoma Karl, ilimpa cheo cha seneta wa heshima. Ujerumani ilikuwa katikati ya vita, na Daimler-Benz, kampuni iliyobeba jina la familia yake, ilikuwa inatengeneza magari na injini za jeshi la Hitler, ikitumia pia watu waliolazimishwa kufanya kazi. Siku mbili baadaye Bertha alifariki nyumbani kwake Ladenburg.

Tangu mwaka 2008, barabara alizopita zina alama rasmi kwa jina lake, na watalii huzifuata kutoka Mannheim hadi Pforzheim na kurudi. Karl aliingizwa katika jumba la heshima la magari la Marekani mwaka 1984. Bertha aliingizwa humo mwaka 2016, miaka 32 baada ya mumewe, na miaka 128 baada ya asubuhi ile alipoondoka bila kuomba ruhusa.