Eugen Sandow: Aliyegeuza mazoezi kuwa kazi ya kulipwa

Umetoka Bura, kule Tana River, ukaja mjini kutafuta riziki. Mwili unao. Mtu aliyekua akibeba magunia ya mahindi na kufungulia mashamba maji kwenye skimu ya unyunyizaji hahitaji kuelezwa nguvu ni nini. Ukaingia jimu ya mtaani, ukazoea vyuma, na sasa watu wanakuuliza unakula nini, unafanya zoezi gani. Wazo linakujia: mbona hii isiwe kazi yangu?

Hapo ndipo maswali mawili yanakukwamisha. Nani atakutambua kuwa wewe ni mkufunzi, na wala si jamaa mwenye kifua tu? Na nani atakulipa mwezi huu, mwezi ujao, na ule unaofuata?

Kuna mtu aliyekumbana na maswali haya zaidi ya miaka 120 iliyopita, wakati kazi yenyewe haikuwa hata na jina. Alipata majibu mazuri, akatajirika, kisha akaanguka. Ukitaka kuingia kwenye kazi hii, maisha yake yatakufaa kuliko klipu mia za simu.

Kijana aliyehepa jeshi

Alizaliwa tarehe 2 Aprili 1867 katika mji wa Königsberg, ufalme wa Prussia. Siku hizi mji huo unaitwa Kaliningrad na uko chini ya Urusi. Wazazi wake walimpa jina Friedrich Wilhelm Müller. Alipokaribia umri wa kuchukuliwa jeshini kwa lazima, akahepa. Akajiunga na sarakasi, akawa anazunguka Ulaya akionyesha nguvu zake kwa malipo ya kubahatisha. Jina la nyumbani akaliacha, akajiita Eugen Sandow.

Baadaye angesimulia kwamba utotoni alikuwa dhaifu, na kwamba alitamani kuwa na nguvu baada ya kuona sanamu za kale nchini Italia. Walioandika maisha yake wameitilia shaka hadithi hiyo. Hebu iweke akilini, kwa sababu hata leo karibu kila anayeuza mazoezi ana hadithi ya aina hiyo, na mteja mwerevu ataisikiliza kisha aulize swali la pili.

Mjini Brussels alikutana na mtu aliyembadilisha. Huyu alikuwa Ludwig Durlacher, aliyejulikana jukwaani kama Profesa Attila, mtumbuizaji mzoefu aliyekuwa pia akifundisha watu mazoezi. Attila alimfundisha kuongeza uzito hatua kwa hatua, kusimama mbele ya watu, na kuutazama mwili kama kitu kinachojengwa kwa mpango. Sandow hakutoka pale na karatasi yoyote. Alitoka na ujuzi aliopata kwa kufuatana na mtu aliyemtangulia, jinsi fundi makanika wengi wa kwetu walivyojifunza.

Mwishoni mwa 1889 Attila alimpeleka London. Huko kulikuwa na mbabe aliyeitwa Sampson, aliyekuwa akitangaza zawadi kwa yeyote atakayeweza kufanya anayoyafanya yeye: kupinda vyuma, kukata minyororo kwa nguvu za mkono. Sandow alipanda jukwaani katika ukumbi wa Royal Aquarium, akayafanya yote, akaongeza ya kwake. Usiku ule jina lake likaenea mjini.

Kupimwa na msomi

Ungedhani hapo ameshafika. Bado. Kuinua vyuma jukwaani ni kazi ya siku ukiwa na afya. Ukiumia bega, umekwisha.

Mwaka wa 1893 alikwenda Marekani, na mjini Chicago akaangukia mikononi mwa Florenz Ziegfeld, kijana mjanja wa biashara ya maonyesho. Ziegfeld aligundua kwamba watu hawakuvutiwa sana na uzito anaoinua Sandow. Walitaka kuuona mwili wenyewe. Akamfanya ajionyeshe akitunisha misuli, mmoja baada ya mwingine, chini ya taa. Mwaka uliofuata, 1894, Sandow alipigwa filamu katika studio ya Thomas Edison kule New Jersey. Fikiria hilo: sinema ndiyo kwanza inazaliwa, na jamaa wa misuli tayari yuko mbele ya kamera. Klipu za mazoezi si jambo la juzi.

Ila jambo lililomsaidia zaidi Marekani lilitokea mbali na jukwaa. Alikubali kupimwa na Dudley Sargent wa Chuo Kikuu cha Harvard, daktari aliyekuwa akisimamia mazoezi ya wanafunzi na aliyetumia miaka mingi kupima miili ya watu. Sargent alimpima, akaukagua mwili wake, akamsifu hadharani kuliko wote aliowahi kuwaona.

Hicho ndicho kilikuwa cheti cha Sandow. Mashabiki walishampigia makofi, na makofi hayana uzito kama neno la mtu wa nje anayejua kupima na asiye na faida yoyote ya kumsifu. Cheti unachohangaikia wewe leo kina kazi hiyohiyo: kumpa mgeni asiyekujua sababu ya kukuamini na mwili wake.

Tepu na daftari

Mwaka wa 1897 Sandow alifungua taasisi yake ya mazoezi katika mtaa wa St James's, London, eneo la watu wenye pesa. Hapa ndipo kazi ya mkufunzi binafsi unayoiwaza ilipoanza kuchukua sura tunayoijua.

Mteja alipofika hakurushiwa vyuma. Alipimwa kwanza: kifua, kiuno, mkono, paja. Akapewa mazoezi kulingana na umri wake, kazi yake na hali yake. Baada ya muda alipimwa tena, ili aone kwa tarakimu kama pesa yake inafanya kazi. Wanawake nao walipewa nafasi yao, jambo ambalo wengi wa enzi hizo walilishangaa.

Cha kushangaza zaidi, Sandow aliyejengwa na vyuma vizito aliwapa wateja wengi dambeli nyepesi, za kama kilo 2 hivi. Wababe wenzake walimcheka, wakisema anauza kitu ambacho hakikumjenga yeye. Walikuwa na hoja, maana matangazo yake yalimfanya mteja aamini kwamba atafanana naye. Lakini kuna upande mwingine. Karani anayekaa kitini siku nzima hahitaji ratiba ya mbabe wa sarakasi. Anahitaji mazoezi ambayo mwili wake utayaweza Jumatatu na bado atayarudia Jumatano. Wakufunzi wengi chipukizi huanguka hapo hapo: wanampa mteja ratiba yao wenyewe, mteja anaumia wiki ya kwanza, na hamwoni tena.

Wale wasioweza kufika London hakuwaacha. Walijaza fomu ya vipimo na hali ya afya, wakaituma kwa posta pamoja na ada, naye akawarudishia ratiba. Wewe leo ungetumia WhatsApp na M-Pesa, lakini utaratibu ni uleule. Mwaka wa 1898 alianzisha gazeti lake la mazoezi, na humo na vitabuni mwake alichapisha vipimo vya wanafunzi vya kabla na baada. Akauza pia dambeli za springi ambazo mtu alizifinya akifanya zoezi.

Tarehe 14 Septemba 1901 alijaza ukumbi wa Royal Albert Hall. Yalikuwa mashindano ya wanafunzi wa mfumo wake kutoka kaunti mbalimbali za Uingereza, na 60 walifika fainali. Majaji walikuwa yeye mwenyewe, mchongaji sanamu Charles Lawes, na Arthur Conan Doyle, daktari na mwandishi wa hadithi za Sherlock Holmes. Mshindi, William Murray wa Nottingham, hakuchaguliwa kwa ukubwa wa misuli pekee. Majaji walitazama ulinganifu wa mwili mzima. Tunaambiwa hayo ndiyo mashindano makubwa ya kwanza ya kujenga mwili, lakini kwa biashara ya Sandow yalikuwa zaidi ya hapo. Alikuwa ameleta mbele ya umma miili ya wanafunzi wake iwe ushahidi wa kazi yake.

Mwaka wa 1911 Mfalme George wa Tano alimteua kuwa mkufunzi wake rasmi wa mazoezi ya kisayansi. Mtoro wa jeshi la Prussia, asiye na digrii, sasa ana cheo kutoka ikulu ya Uingereza.

Kilichomwangusha

Sasa sikiza sehemu ambayo wauzaji wa ndoto hawaisimulii. Jina lilipokuwa kubwa, Sandow alianza kulibandika kwenye kila kitu. Akatoa kakao ya afya yenye jina lake, akaingia sokoni kushindana na kampuni kubwa kama Cadbury. Taasisi yake nayo ikaanza kuahidi kutibu maradhi ya kila aina kwa mazoezi. Mtu aliyejulikana kwa kupima kabla ya kuahidi akawa anaahidi zaidi ya anachoweza kupima.

Kisha Vita vya Kwanza vya Dunia vikaanza mwaka wa 1914. Ingawa alikuwa amechukua uraia wa Uingereza mwaka wa 1906, asili yake ya Kijerumani ilimponza. Watu waliichukia kila bidhaa iliyonusa Ujerumani, na biashara ya kakao ikaporomoka katikati ya vita. Cheo cha ikulu hakikumwokoa.

Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1925, akiwa na miaka 58. Magazeti yalizungumzia kuinua gari lililokwama. Sababu iliyoandikwa ni tatizo la mshipa mkuu wa damu. Alizikwa katika makaburi ya Putney Vale, na kwa miaka mingi kaburi lake halikuwa hata na jiwe la jina. Kinaya ni kwamba tangu 1977 bingwa wa Mr. Olympia, shindano kubwa kuliko yote ya kujenga mwili, hupewa sanamu ya Sandow.

Wewe ufanye nini?

Chukua kilicho chema, acha kakao.

Kwanza, tafuta Attila wako. Kuna mkufunzi mzoefu katika jimu uliyo karibu nayo. Omba kumsaidia miezi kadhaa, tazama anavyoongea na mteja mnene, mteja mzee, mteja mwenye presha. Kuongea ni nusu ya kazi.

Pili, anza na cheti cha huduma ya kwanza. Msalaba Mwekundu wa Kenya na St John Ambulance hutoa mafunzo hayo. Mashirika ya kimataifa yanayotahini wakufunzi, kama ACE na NASM ya Marekani, hutaka uwe na miaka 18 na cheti cha kuokoa mtu ambaye moyo umesimama, kabla ya kukuruhusu kufanya mtihani wao. Mitihani hiyo hulipiwa kwa dola, kwa hivyo usikimbilie mkopo wa simu. Hapa nyumbani, serikali ilizindua mwaka wa 2024 sera ya kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, chini ya KNQA, mamlaka inayosimamia sifa za masomo. Ulizia vyuo vya ufundi vilivyo karibu nawe. Na kabla ya kulipa ada ya kozi yoyote, uliza swali moja: cheti hiki kinatambuliwa na nani? Ukijibiwa kwa kuzungushwa, pesa yako irudishe mfukoni.

Tatu, nunua tepu ya fundi wa nguo na daftari. Kila mteja awe na ukurasa: umri, kazi, maradhi, dawa anazotumia, vipimo vya siku ya kwanza. Mwenye presha au kisukari aanze kwa daktari. Hata rafiki yako unayemfundisha bure umwandike, kwa sababu huyo ndiye ushahidi wako wa kwanza.

Nne, usisahau nyumbani. Kutoka Garissa ukiteremka hadi Bura, Hola na Garsen, kuna walimu, wafanyakazi wa kaunti na akina mama wanaoambiwa na daktari wapunguze uzito, na hakuna wa kuwaelekeza. Dada, hapa una nafasi ambayo kaka zako hawana: mama wa Kiislamu anayetaka kufanya mazoezi faraghani, na mwanamke mwenzake, atakutafuta wewe kwanza. Sandow alilifikiria soko la wanawake zaidi ya karne moja iliyopita. Na jua la Bura unalijua. Mteja wa saa kumi na mbili asubuhi ni bora kuliko wa saa nane mchana.

Ukishapata watatu wanaolipa kila mwezi bila kukumbushwa, wapime tena baada ya wiki nane, uwaonyeshe tarakimu zao. Wawili kati yao watakuletea wa nne.