KAPTENI ROUGET DE LISLE: WIMBO WAKE ULISONGA MBELE, YEYE AKAACHWA NYUMA

Kila jeshi duniani lina nyimbo zake. Zipo zile zipigwazo na bendi siku ya gwaride mbele ya wageni wa heshima, na zipo zile ziimbwazo na askari wenyewe njiani, jua likiwa la utosi na mkoba ukilemea mabega. Askari wa King's African Rifles, ambao miongoni mwao walikuwamo babu zetu wengi, walikuwa na wimbo wao wa Funga Safari, nao uliendelea kujulikana hata baada ya jeshi lile la kikoloni kwisha. Hakuna aulizaye ni nani aliyeutunga kwanza. Ndiyo ada ya nyimbo za askari: wimbo huishi, mtunzi husahauliwa.

Leo tunapenda kuwasimulia wasomaji wetu maisha ya mtunzi mmoja ambaye jina lake halikupotea, ingawa heshima aliyostahili ilimfikia akiwa mzee, na nyingine ikamfikia akiwa mifupa. Mtu huyo ni Claude Joseph Rouget de Lisle, kapteni wa wahandisi katika jeshi la Ufaransa, mtunzi wa wimbo uitwao La Marseillaise.

MTOTO WA WAKILI

Rouget de Lisle alizaliwa tarehe 10 Mei, 1760, katika mji wa Lons-le-Saunier, kwenye nchi ya milima ya Jura, mashariki mwa Ufaransa. Baba yake alikuwa wakili. Siku hizo Ufaransa ilitawaliwa na mfalme, na mlango wa uofisa ulifunguliwa kwa watoto wa makabaila peke yao. Yasemekana kwamba jina la de Lisle liliongezwa juu ya jina la ukoo wao wa Rouget ili kijana aonekane ni wa nasaba bora apate kupokewa.

Alipokewa. Alisoma katika chuo cha kijeshi mjini Paris, kisha akaendelea na chuo cha wahandisi wa jeshi kule Mézières, chuo kilichosifika kwa ugumu wa mafunzo yake ya hesabu na ujenzi wa ngome. Alipohitimu alitumwa katika ngome mbalimbali za mipakani. Kazi ya ofisa mhandisi wakati wa amani ni kupima kuta, kuchora ramani na kungoja vita visivyokuja. Kijana huyu aliitumia nafasi hiyo kupiga fidla, kutunga mashairi na kuandika michezo ya kuigiza. Hakuwa mwanamuziki mkubwa, wala hakuwa mshairi mkubwa. Alikuwa ofisa mwenye kipaji cha kadiri, kama walivyo maofisa wengi wapendao sanaa katika mabweni ya jeshi popote duniani.

Mapinduzi ya Ufaransa yalipoanza mwaka 1789, Rouget de Lisle aliyaunga mkono, lakini kwa kiasi. Alitaka mfalme awe chini ya katiba, wala hakutaka aondolewe. Mwezi Mei 1791 alihamishiwa Strasbourg, mji wa mpakani kando ya mto Rhine. Huko alifanya urafiki na meya wa mji, Philippe-Frédéric de Dietrich, mtaalamu wa madini aliyependa sana muziki na aliyekuwa na sauti nzuri ya kuimba.

USIKU MMOJA STRASBOURG

Tarehe 20 Aprili, 1792, Ufaransa ilitangaza vita dhidi ya Austria. Habari ziliwasili Strasbourg tarehe 25. Mji ulijaa askari wa kujitolea, vijana waliokuwa hawajapata kusikia mzinga ukilia. Jioni ile meya aliwakaribisha maofisa nyumbani kwake. Katika mazungumzo alilalamika kwamba jeshi jipya halina wimbo wa kulifaa, akamwomba Kapteni Rouget de Lisle ajaribu kutunga mmoja.

Kapteni alirudi chumbani kwake usiku huo, akachukua fidla. Kulipokucha, tarehe 26 Aprili, wimbo ulikuwa tayari, maneno na sauti yake. Aliupa jina la Wimbo wa Vita wa Jeshi la Rhine, akautolea heshima kwa Jemadari Nicolas Luckner aliyekuwa mkuu wa jeshi hilo. Meya ndiye aliyekuwa wa kwanza kuuimba mbele ya watu sebuleni kwake, na mkewe akaupanga kwa ajili ya vyombo vya muziki.

Hapana budi tujiulize wimbo huu ulikuwa na nini hata ukawashika askari namna ile. Kwa maoni yetu, jibu ni kwamba ulimtaja mtu ambaye nyimbo za zamani hazikumtaja. Nyimbo za jeshi la kifalme zilimsifu mfalme na majemadari wake. Wimbo huu ulizungumza na askari mwenyewe, ukamkumbusha watoto wake, wenzi wake na mashamba yake yaliyokuwa hatarini. Mlinzi wa nchi na mwenye nchi wakawa mtu mmoja. Maneno yake ni makali, na hata leo wapo Wafaransa wanaoyaona yamezidi kwa kutaja damu. Lakini ndani yake mna ubeti unaowataka askari wawahurumie maadui wale walioletwa vitani bila hiari yao. Si nyimbo nyingi za vita zikumbukazo jambo hilo.

WIMBO WASHIKA NJIA

Wimbo ulichapishwa Strasbourg bila jina la mtunzi. Kosa hili dogo lilileta maneno mengi baadaye, maana walitokea watu wa kudai kwamba sauti ya wimbo ule ilikuwa ya mwingine. Kwa wakati ule, hata hivyo, hakuna aliyejali. Karatasi zilipita mkono kwa mkono kutoka mashariki mpaka kusini, na mwezi Juni 1792 kijana mmoja mganga, François Mireur, aliuimba katika karamu mjini Marseille. Waliohudhuria walishangilia mno. Ukachapishwa tena, na kila askari wa kujitolea aliyekuwa akiondoka kwenda Paris akapewa nakala yake.

Askari hao walizidi 500. Waliondoka Marseille mwanzoni mwa Julai, wakikokota mizinga, wakatembea kwa miguu safari ya kilomita zipatazo 800 katika joto la kiangazi. Kila mji walioupita waliuimba wimbo huo. Yeyote aliyewahi kwenda mwendo mrefu wa kijeshi anajua maana yake. Sisi tuliopitia mafunzo ya uofisa twakumbuka jinsi kikosi kilichochoka kinavyoweza kunyanyua miguu tena pindi mmoja anapoanza wimbo na wengine wakamwitikia. Tarehe 30 Julai waliingia Paris wakiimba, na watu wa mji ule, wasiojua habari za kapteni wala za Strasbourg, wakauita wimbo wa watu wa Marseille. Jina hilo ndilo lililobaki mpaka leo.

Baada ya hapo wimbo uliingia vitani. Jeshi la Ufaransa liliposhinda huko Valmy, tarehe 20 Septemba, 1792, waziri wa vita aliagiza ushindi ule usherehekewe kwa wimbo huu badala ya wimbo wa kanisa wa kumshukuru Mungu. Mwezi Novemba uliimbwa katika mapigano ya Jemappes. Mireur, yule kijana mganga, alipanda cheo akawa jenerali, akafa Misri mwaka 1798.

KIAPO CHA OFISA

Hapa ndipo penye uchungu wa kisa chetu. Tarehe 10 Agosti, 1792, watu wa Paris walilivamia jumba la mfalme, na mstari wa mbele walikuwamo askari wale wa Marseille. Mfalme akaondolewa madarakani. Makamishna wa Bunge walitumwa mipakani kuwataka maofisa waikubali hali mpya. Rouget de Lisle alikuwa katika ngome ya Huningue. Yeye alikuwa ameapa kulitii taifa, sheria na mfalme, naye akakataa kukigeuka kiapo chake. Mmoja wa makamishna alikuwa Lazare Carnot, mhandisi wa jeshi kama yeye na mwanafunzi wa Mézières kama yeye. Carnot hakuwa na la kufanya ila kumsimamisha kazi.

Basi tazama: watu walioimba wimbo wake ndio waliomwangusha mfalme, na mtunzi wa wimbo akapoteza cheo kwa sababu ya mfalme huyo huyo. Wako watakaosema kwamba kapteni alikuwa mkaidi asiyeona dunia ikibadilika. Wako watakaosema kwamba ofisa asiyethamini kiapo hana thamani yoyote. Sisi twaona kwamba wote wawili wana haki kwa upande wao, na kwamba kila ofisa wa nchi yoyote anapaswa kuisoma habari hii polepole.

Baadaye alirudishwa jeshini akapigana tena kaskazini. Lakini wakati wa utawala wa vitisho alikamatwa akatiwa gerezani kule Saint-Germain-en-Laye, na hakutoka mpaka Robespierre alipoanguka mwezi Julai 1794. Alitoka na kichwa chake. Wenziwe hawakubahatika. Meya Dietrich, ambaye sebuleni mwake wimbo uliimbwa kwa mara ya kwanza, alikatwa kichwa mwezi Desemba 1793. Jemadari Luckner, aliyetolewa heshima ya wimbo, alikatwa kichwa siku chache baadaye, Januari 1794.

Mwaka 1795 Rouget de Lisle alijeruhiwa katika mapigano ya Quiberon, upande wa magharibi. Katika mwezi huo huo wa Julai, Bunge liliufanya wimbo wake kuwa wimbo wa taifa. Mwaka uliofuata alijiuzulu jeshi.

UZEE WA UFUKARA

Miaka arobaini iliyobakia twaweza kuieleza kwa maneno machache, kwa kuwa ilikuwa miaka ya kupungukiwa. Napoleon Bonaparte hakuupenda wimbo ule uliowafundisha watu kuwapinga watawala. Naye Rouget de Lisle hakuogopa kumwandikia na kumlaumu. Tangu hapo milango ikafungwa. Wafalme waliporudi mwaka 1815, wimbo ulipigwa marufuku. Mtunzi wake aliishi kwa kutafsiri vitabu na kutunga nyimbo nyingine. Mwaka 1825 alizikusanya nyimbo 50 katika kitabu kimoja, ukiwamo ule mmoja, lakini zile nyingine hazikushika. Mwaka 1826, akiwa na umri wa miaka 66, alifungwa katika gereza la Sainte-Pélagie kwa sababu ya deni. Mshairi Béranger ndiye aliyehangaika mpaka akamtoa.

Mwaka 1830 watu wa Paris walisimama tena, na wimbo ukasikika tena mitaani. Mwanamuziki Hector Berlioz aliupanga upya kwa ajili ya waimbaji wengi na vyombo vingi, akamtolea heshima mzee huyo. Mfalme mpya, Louis-Philippe, alikuwa amepigana Valmy na Jemappes akiwa kijana, kwa hiyo aliukumbuka vema. Alimpa Rouget de Lisle malipo ya uzeeni na nishani ya Légion d'honneur. Mzee alitunzwa na rafiki zake kule Choisy-le-Roi, karibu na Paris, na hapo akafariki tarehe 26 Juni, 1836, akiwa na miaka 76.

MAZIKO YA PILI

Mwaka 1879 La Marseillaise ulirudishwa kuwa wimbo wa taifa wa Ufaransa. Mwaka 1915, vita kuu ya kwanza ikiwa imepamba moto na vijana wa Ufaransa wakifa kwa maelfu, serikali iliifukua mifupa ya kapteni. Tarehe 14 Julai ilipitishwa kwa gwaride kubwa katika mitaa ya Paris, ikalazwa katika jengo la Invalides, pale pale alipozikwa Napoleon. Wawili hao wasiopatana sasa wamelala chini ya paa moja.

Katika vita hivyo, na vile vilivyofuata, wimbo huo uliimbwa pia na askari Waafrika waliochukuliwa kutoka makoloni ya Ufaransa. Waliimba habari za uhuru wa watu wengine, hali nyumbani kwao hawakuwa na uhuru wao. Jirani zetu wa Komoro walingoja mpaka 1975, na wa Jibuti mpaka 1977, ndipo wakapandisha bendera zao na kuimba nyimbo zao wenyewe. Wala hatudhani kapteni wa Strasbourg angewalaumu, kwani wimbo ufundishao kukataa kutawaliwa hauwezi kumchagulia msikilizaji wake maana.

Maisha ya Rouget de Lisle yanatufundisha jambo moja kubwa. Meya aliweza kuomba wimbo utungwe. Hakuna aliyeweza kuamuru upendwe. Walioupa uhai ni askari waliotembea nao kwa miguu kutoka Marseille, na kwa sababu hiyo hakuna mtawala aliyeweza kuuzima. Lakini wahenga walisema kwamba mcheza kwao hutuzwa. Ufaransa ilimtuza mchezaji wake, ila ilimtuza kwa kumhamisha kaburi. Katika nchi zetu, ambako nyimbo za askari aghalabu huimbwa bila jina, ni vema tuwaulize wazee majina ya watunzi wangali hai, tuyaandike.