John Kemeny, mwalimu aliyefungulia wanafunzi mlango wa ordinateri

John Kemeny alizaliwa Budapest, mu inchi ya Hungaria, tarehe 31/5/1926, mu jamaa ya Wayahudi. Mwaka wa 1940, juu ya woga wa Hitler, jamaa ilikimbilia New York. Babu yake alikataa kutoka. Alibakia, akakufa mu mauaji ya Wayahudi. Kijana aliingia masomo kule New York, na mwaka wa 1943 akamaliza wa kwanza wa darasa.

Mwaka wa 1945 jeshi likamtuma Los Alamos, kule Wamarekani walikuwa wakitengeneza bomu ya atomiki. Siye watu wa Katanga ile habari inatugusa: sehemu kubwa ya uraniumu ilitoka Shinkolobwe, karibu na Likasi. Babu zetu walichimba, na hakuna mutu aliwaambia ni ya nini. Kazi ya Kemeny ilikuwa hesabu. Walitumika na mashini za kadi, posti tatu, usiku na mchana, sawa siye ku mugodi. Hesabu moja iliomba majuma kama 3.

Kisha vita alisaidia Einstein mu hesabu zake, na mwaka wa 1953 akaenda kufundisha ku chuo cha Dartmouth.

Wakati ule ordinateri ilikuwa kitu ya mafundi paka yao. Mwanafunzi alitoboa kadi, akazipeleka, akangojea jibu mupaka kesho. Kosa moja kidogo, anaanza upya. Kemeny na mwenzake Thomas Kurtz waliona kila mwanafunzi, hata yule wa historia, anapaswa kuagiza mashini yeye mwenyewe. Njo wakatunga BASIC, luga ya maagizo 14 tu, na maneno ya Kingereza ya kila siku. Wakapanga tena mashini moja itumikie watu wengi kwa mara moja. Programu za kwanza zilitembea tarehe 1/5/1964, saa kumi ya usiku. Kwetu ile ni sikukuu ya wafanyakazi!

Ile luga hawakuifunga na kufuli, waliitoa. Mwaka wa 1967 Seymour Papert, mzaliwa wa Afrika ya Kusini, na wenzake wakatunga Logo kwa ajili ya watoto wadogo kabisa. Na wakati ordinateri ziliingia mu nyumba, watoto wengi wa dunia walianza na BASIC.

Toka 1970 mupaka 1981 Kemeny aliongoza Dartmouth, lakini hakuacha kufundisha. Mwaka wa 1979 fabriki ya nguvu za atomiki ya Three Mile Island ikapata ajali. Rais Carter akamupa kuongoza uchunguzi, pamoja na watu 11, mumoja wao mukubwa wa sendika ya wafanyakazi wa chuma. Waliona nini? Wafanyakazi hawakufundishwa vya kutosha. Alarme zaidi ya 100 zililia pamoja, na ajali ilikuwa imekaribia namna ile ile ku fabriki ingine mwaka wa 1977, lakini hakuna aliyewaonya. Kosa halikubebeshwa paka mutu wa posti. Wakubwa na serikali pia walipata sehemu yao.

Kemeny alikufa tarehe 26/12/1992, miaka 66.

Leo mashini mupya zinafika ku migodi yetu na ordinateri ndani, na mara nyingi mufanyakazi anaonyeshwa kifungo cha kufinya, basi. Ikiharibika, kosa ni lake. Siye wa sendika, tukiketi na wakubwa ku meza, tuombe mafunzo kwa nguvu ile ile tunaomba nayo mshahara. Na batoto wetu waanze ku masomo.