Bell: Mwalimu Aliyetuma Sauti kwa Mwanga

Ukitaja Alexander Graham Bell, wengi wetu tunakumbuka swali la mtihani wa shule ya msingi: nani aligundua simu? Unajibu, unapata alama yako, basi. Lakini sisi tunaosoma ualimu tuna sababu ya kumsoma zaidi, maana kabla ya simu Bell alikuwa mwalimu.

Alizaliwa Edinburgh, Scotland, mwaka 1847. Baba yake alifundisha matamshi. Mama yake alikuwa na uziwi, na Bell akiwa bado kijana alijifunza kuongea naye kwa herufi za vidole. Kifua kikuu kiliwaua kaka yake na mdogo wake, ndipo mwaka 1870 wazazi wakahamia naye Canada. Mwaka uliofuata alianza kufundisha viziwi mjini Boston, Marekani. Mmoja wa wanafunzi wake, Mabel Hubbard, aliyepoteza kusikia akiwa mtoto mdogo, ndiye aliyekuja kuwa mke wake mwaka 1877. Hataza ya simu alikuwa ameipata mwaka mmoja kabla.

Wengi huishia hapo. Bell hakuishia hapo. Mwaka 1880, akiwa Washington na msaidizi wake Charles Sumner Tainter, alitengeneza fotofoni, yaani simu isiyo na waya, inayobeba sauti kwa mwanga wa jua. Kwetu Hirbadaw, mtoto yeyote aliyewahi kummulika mwenzake machoni kwa kipande cha kioo anaijua nusu ya kazi hii. Bell alitumia kioo chembamba sana. Mtu akiongea nyuma yake, kioo kinatetemeka, na mwanga kinaourudisha unaongezeka na kupungua kufuata sauti. Upande wa pili aliweka seleniamu, ambayo hupitisha umeme vizuri zaidi ikimulikwa. Ukiiunganisha na betri na kipokea sauti cha simu, unasikia maneno.

Haikukubali kirahisi. Seleniamu ilizuia umeme kupita kiasi, ikabidi waiunde upya kwa vipande vya shaba na maika. Njia za kuuchezesha mwanga walijaribu zaidi ya 50. Rafiki zetu wa uhandisi wanaounganisha dayodi ya leza na maikrokontrola wanaijua shida hii: mpokeaji yuko kimya, na hujui kama kosa liko kwenye mwanga, kwenye waya au kwenye kihisi. Dawa ni ile ile ya Bell, unapima kipande kimoja kimoja.

Siku ya jaribio Tainter alipanda juu ya paa la shule, zaidi ya mita 200 kutoka maabara. Kupitia mwanga alimwomba Bell aje dirishani apunge kofia. Bell akasikia, akapunga.

Bell aliipenda fotofoni kuliko simu. Tatizo ni kwamba wingu likipita, mazungumzo yamekwisha. Ilibidi dunia isubiri dayodi za leza, zilizoanza mwaka 1962, na nyuzi za kioo. Mwaka 2021 miali ya mwanga ilianza kuvusha intaneti hewani juu ya Mto Kongo, kati ya Brazzaville na Kinshasa. Wazo ni lile lile.

Sasa lipo jambo ambalo mwalimu hawezi kuliruka. Bell huyu huyu alipinga lugha ya alama shuleni. Alitaka viziwi wafundishwe kutamka na kusoma midomo. Mwaka ule ule wa 1880, mkutano wa walimu wa viziwi mjini Milan, Italia, ulipitisha msimamo kama huo, na kwa miongo mingi watoto wengi wakazuiwa kutumia mikono yao darasani. Nia yake ilikuwa njema, nakubali. Lakini kwenye mashine alikubali kubadilisha njia mara 50 mpaka ujumbe ufike. Kwa mtoto aliona njia moja tu. Na siku ile mwenyewe, pale dirishani, hakuwa na chombo cha kujibu. Alijibu kwa ishara ya mkono, na Tainter akaelewa.

Bell alifariki Canada tarehe 2 Agosti 1922. Wakati wa mazishi yake simu za Amerika Kaskazini zilinyamazishwa kwa dakika moja.

Mwanachuo mwenzangu, muda si mrefu tutapangiwa shule za mazoezi. Ukimkuta darasani mtoto asiyesikia, usimlaumu yeye ujumbe usipofika. Kagua kwanza njia unayotumia.